Trei za mboga changa nyumbani: plastiki nyembamba, plastiki nene, dumu, wavu au chuma cha pua?

Mtu akishaamua kuotesha maikrogrini nyumbani, hizi mboga changa zinazokatwa zikiwa bado na majani mawili ya kwanza, mbegu hazimsumbui sana. Figili, haradali, uwatu, giligilani, alizeti, vyote vinapatikana. Kinachomkwamisha ni chombo. Akiingia mtandaoni anaonyeshwa trei nyeusi za plastiki. Akienda duka la pembejeo anapewa trei ya vitundu ya kuoteshea nyanya. Akimuuliza jirani anaambiwa, kata dumu, acha kupoteza hela. Na hakuna aliyemdanganya, ila kila mmoja anamfikiria mkulima wa aina yake.

Mbegu ya figili yenyewe haina makuu. Ipe unyevu, giza la siku mbili tatu, kisha mwanga, itaota hata kwenye sahani. Mwenye kazi ni wewe: utaiinua trei iliyolowa, utasugua ukungu, utatafuta pa kuiweka kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu. Kwa hiyo vyombo hivi navipima kwa jicho la mtu anayeotesha kwa ajili ya meza yake, ingawa mwishoni nina maneno mawili kwa anayetaka kuuza.

Vipimo vya kulinganishia

Maji ndiyo kipimo cha kwanza. Mboga changa hupandwa zikibanana: trei moja kubwa, ya sentimita 28 kwa 54, hupokea gramu 30 hivi za mbegu za figili, au zaidi ya gramu 200 za njegere zilizolowekwa usiku kucha. Kwenye msongamano huo, maji yakituama chini mizizi inakosa hewa, shina linaoza pale linapogusa udongo, na asubuhi unakuta kiraka kizima kimelala. Ndiyo maana wazoefu wengi hutumia trei mbili pamoja. Yenye matundu inakaa ndani ya isiyo na matundu, maji yanamiminwa kwenye ile ya chini, yananyonywa kwa dakika 15 au 20, na yanayobaki yanamwagwa. Kwa trei kubwa nusu lita hutosha mara nyingi, na nusu lita ikisambaa humo haizidi kina cha milimita 3 au 4. Fikiria basi kitako kilichobonyea kidogo kinafanya nini: upande mmoja unaogelea, mwingine unakauka. Kabla ya kuuliza bei, weka trei juu ya meza iliyonyooka uone kama imetulia.

Kipimo cha pili ni ubebaji. Trei ya sentimita 28 kwa 54 yenye sentimita 2.5 za kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, ina karibu lita 4 za udongo wa kuoteshea. Ikilowa, na mboga zikiwa juu, unabeba kilo tatu au zaidi kila siku, kutoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga, kutoka dirishani kwenda kwenye sinki.

Cha tatu ni giza na mzigo. Siku mbili hadi nne za mwanzo mbegu hufunikwa. Alizeti, njegere na giligilani hupenda pia kukandamizwa, ili mizizi ishike chini na maganda yavuke wakati mche unajisukuma juu. Trei kubwa huweza kuwekewa kilo 5, yaani dumu la lita 5 lililojaa maji. Chombo chenye eneo la moja ya tano ya hapo kinataka kilo moja tu, pakiti ya sukari inatosha. Swali ni kama chombo cha pili kinakaa sawasawa juu ya cha kwanza, na kama cha chini hakitapasuka.

Cha nne ni usafi, na hapa nachanganya na joto kwa sababu ukungu unavipenda vyote viwili, uchafu na fukuto. Baada ya kila mavuno chombo kisuguliwe kwa sabuni, kiloweke dakika kumi kwenye maji yenye jiki (kijiko kimoja cha chai cha jiki ya asilimia 3.5 kwa lita moja ya maji), kisuuzwe, kikaushwe. Kona kali, nyufa na mikwaruzo ndiko mabaki ya mizizi yanakojificha. Watu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa tunalijua hili kuliko wenzetu wa Arusha na Nairobi, maana huku pwani hewa yenyewe imelowa. Jambo moja kabla hujamwaga trei nzima kwa hofu: utando mweupe unaozunguka kila mzizi siku ya pili au ya tatu ni vinyweleo vya mizizi. Nyunyiza maji, vinalala na kupotea machoni. Ukungu hauondoki hivyo. Unatambaa kutoka shina moja hadi jingine.

Bei na upatikanaji nitavitaja pale vinapoleta tofauti. Tarakimu za bei siziweki, zinabadilika kila mzigo unapoingia bandarini.

Kwanza, sahani yako ina ukubwa gani?

Swali hili watu huliruka, halafu ndilo linaloamua mengi. Trei kubwa ya figili ikitoka vizuri hutoa gramu 200 hadi 300 za mboga kwa siku saba hadi kumi. Mkono mmoja mzuri wa kunyunyizia juu ya mayai au kachumbari ni gramu 25 hivi. Mboga zikishakatwa, kwenye friji zinakaa siku tano hadi wiki moja zikiwa kavu na zimefunikwa. Watu wawili wenye trei kubwa ya figili watakula figili mpaka wachukiane.

Kwa hiyo nyumba nyingi zinahitaji vyombo vidogo vitatu vilivyopishana siku tatu nne katika kupandwa, badala ya chombo kimoja kikubwa kinachokomaa kwa mkupuo. Kama umeshapenda trei kubwa, unaweza kuigawa kwa kupanda nusu leo na nusu keshokutwa, lakini giza na mzigo vinakuwa vya kubahatisha.

Trei nyembamba za plastiki

Hizi kwenye maduka ya mtandaoni huitwa "1020". Jina linasema inchi 10 kwa 20, lakini ukizipima kwa nje utapata karibu sentimita 28 kwa 54. Ziko za kina cha sentimita 6 hivi na za sentimita 3 hivi. Chukua za sentimita 3 ukizipata: hewa inapita kati ya mashina na mkasi unafika chini bila kugongana na ukuta wa trei.

*Maji.* Zikiwa mpya na zina matundu ya kutosha, zinapitisha vizuri. Kitako ndicho chenye shida. Ni laini, kinabonyea katikati, na dimbwi linaanza hapo.

*Ubebaji.* Hapa ndipo zinapoonyesha unyonge wao. Ukiinua trei iliyolowa kwa ncha zake mbili, katikati inashuka, na mkeka wa mizizi unachanika ufa mrefu unaoonekana kwa macho. Mboga za ukingoni mwa ufa huo zinanyauka kabla ya nyingine kwa sababu mizizi yake sasa iko hewani. Dawa ni kuteleza kipande cha plaiwudi au sinia bapa chini yake na kubeba hivyo. Ukishalazimika kufanya hivyo kila siku, unaanza kujiuliza umeokoa nini.

*Giza na mzigo.* Zinapangana vizuri, maana zote zina umbo moja. Chini ya kilo 5 pembe huanza kupasuka, hasa kama uzito umeelemea upande mmoja.

*Usafi na joto.* Sponji laini na maji ya uvuguvugu tu. Nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya namba 1 au namba 6 (namba ya aina ya plastiki inayochapwa kitakoni), na ile ya namba 1 huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 hivi, kwa hiyo birika liache jikoni. Juani zinakauka na kuwa kama ganda la yai; ukizigusa miezi michache baadaye zinavunjika mkononi.

*Zinamfaa nani.* Mtu anayejaribu msimu wa kwanza, mwenye rafu ambayo trei ikishawekwa haiguswi mpaka siku ya kukata, au anayempelekea mgahawa trei nzima ikiwa hai bila kutarajia irudi.

Trei nene za plastiki

Umbo na saizi ni zile zile, ila plastiki ina unene wa kuonekana na mara nyingi ni ya namba 5. Namna ya kuijua dukani: ijaze maji, iinue kwa mkono mmoja ukingoni. Isipojikunja, umefika.

*Maji.* Kitako kimenyooka na mara nyingi kina mifereji inayosambaza maji. Zingatia kwamba huuzwa kila moja peke yake, yenye matundu na isiyo na matundu, na kwa mtindo wa kumwagilia chini unahitaji zote mbili. Wengi huagiza moja, ikifika ndipo wanagundua kwamba wamenunua nusu ya chombo. Kwa mbegu ndogo kama mchicha na haradali, tafuta matundu membamba mengi badala ya mapana machache, la sivyo kokopiti inachujuka na maji.

*Ubebaji.* Hakuna malalamiko. Trei iliyolowa inashikwa kwa mkono mmoja huku mwingine unafungua mlango.

*Giza na mzigo.* Unaweza kupanga tatu au nne na dumu juu, na ya chini ikabaki na umbo lake. Kwa njegere na alizeti hii ni faida kubwa kuliko inavyosikika, maana mzigo uliolala sawasawa ndio unaofanya miche itoke kwa kimo kimoja na kukatika kwa mkupuo mmoja.

*Usafi na joto.* Plastiki ya namba 5 inavumilia maji ya moto sana. Njegere huchomoza mizizi kwenye matundu, vijiuzi vyeupe vinavyogandia kila tundu, na ukiviacha vikauke utavitoa kimoja kimoja kwa kijiti. Loweka trei papo hapo baada ya kukata. Rangi nyeusi hunyonya joto. Kwenye kibaraza kinachopigwa na jua la saa saba mchana hapa pwani mizizi inapikwa, iwe trei nene au nyembamba. Nyuma ya pazia jepesi au upande wa jua la asubuhi panatosha.

*Bei na upatikanaji.* Ndizo ghali kati ya plastiki zote, na sehemu kubwa ya gharama ni kwamba trei ni kubwa na nyepesi, hivyo usafirishaji unalipia hewa. Ukiagiza pamoja na wenzako inapungua. Kuna pia nusu yake, ya mraba, takriban sentimita 28 kwa 28. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo saizi ambayo nyumba ya watu watatu wanne ingeanza nayo, na sijui kwa nini maduka huiweka nyuma.

*Zinamfaa nani.* Aliyekwisha kuhakikisha kwamba anakula anachokiotesha, na anayeotesha kila wiki. Anayeotesha mara mbili kwa mwaka asijitwishe gharama hiyo.

Dumu lililokatwa na makopo ya chakula

Dumu la njano la mafuta ya kula la lita 20 ni bustani ya muda mrefu Afrika Mashariki. Vitunguu na sukuma wiki vimeoteshwa humo kabla mtu hajasikia habari za maikrogrini. Lilaze kwa ubavu mpana, piga mstari sentimita 5 kutoka chini, kata. Unapata trei yenye eneo la zaidi ya nusu ya trei kubwa, ya plastiki ngumu ya namba 2. Ubavu wa pili, ukiondoa sehemu ya mkono, unaweza kuwa kifuniko cha giza. Ukingo uliokatwa ni mkali. Pitisha msasa au ufunike kwa utepe wa nailoni wenye gundi, hasa kama kuna watoto.

Familia hii inabeba pia makopo ya aiskrimu na vyombo vya chakula cha kubeba. Vigeuze usome namba kitakoni: namba 5 na 2 ndizo zinazovumilia, namba 1 inatumika lakini haipendi moto, na namba 6 hupasuka ukiitoboa. Kuna sharti moja nisilolilegeza: chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, rangi, mafuta ya gari au maji ya betri hakiguswi, hata kioshwe mara ngapi.

*Maji.* Matundu unajitobolea mwenyewe, na hiyo ni faida kwa anayejua anachokitaka. Msumari uliopashwa moto, nje penye hewa maana moshi wake si wa kuvuta, matundu ya milimita 3 kila baada ya sentimita 4 au 5. Toboa kutoka ndani kwenda nje, ili kingo za tundu zielekee chini na maji yasizuiliwe. Chini weka sinia au chombo kingine. Dumu lina kitako chenye mabonde na maandishi ya kiwandani, kwa hiyo maji hayatasambaa sawasawa. Ongeza kina cha udongo kidogo, sentimita 3 badala ya 2.5, na hutaona tofauti kubwa.

*Ubebaji.* Kipande cha dumu ni kigumu kuliko trei nyembamba ya kununua. Makopo madogo nayo hayana uzito wa kutosha kujikunja.

*Giza na mzigo.* Huu ndio udhaifu wake. Vyombo vya aina mbalimbali havipangani, na kila kimoja kinataka kifuniko chake. Makopo mawili yanayofanana yanatatua hili, moja linaingia ndani ya jingine na pakiti ya sukari inakaa juu. Kwa hiyo kusanya makopo ya aina moja, hata ikibidi kusubiri.

*Usafi na joto.* Mafuta yaliyoganda kwenye kuta za dumu hutoka kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili au tatu. Dumu la njano linapitisha mwanga kidogo. Siku za giza litie kabatini au lifunike kwa kitambaa kizito. Halipati joto kama plastiki nyeusi, na huku kwetu hilo ni jambo jema.

*Vinamfaa nani.* Anayeanza, mwalimu wa darasa, mwanafunzi wa hosteli, na mtu yeyote anayetaka kujua kwanza kama atazikumbuka mboga zake siku ya tano. Kwa mboga za sahani moja kwa siku, chombo hiki kinaweza kuwa cha kudumu kabisa. Hakimfai anayetaka trei kumi zinazofanana.

Trei ya wavu, bila udongo

Hizi ni seti ya vyombo viwili: juu wavu wa plastiki unaoshika mbegu, chini chombo cha maji. Zinauzwa sana mtandaoni, nyingi zikiwa nyeupe au kijani, na zinapendwa na watu wa ghorofani wasiotaka vumbi la udongo.

*Maji.* Mbegu inakaa juu ya wavu, mzizi unashuka kutafuta maji. Siku za kwanza maji hayatakiwi kugusa wavu. Unanyunyiza mara tatu nne kwa siku mpaka mizizi ifike chini. Ngano, njegere na choroko zinaelewana na mtindo huu. Figili pia, ukiweka karatasi ya jikoni juu ya wavu. Mchicha na haradali huteleza zikaishia majini. Na kwa kuwa wavu huu humshawishi mtu kuotesha kila nafaka iliyo kabatini, nisipite bila kusema: miche ya maharage ya kawaida isiliwe mbichi, ina sumu ya asili inayoondolewa kwa kuchemsha sawasawa. Miche ya mtama vivyo hivyo iache, na ya nyanya.

Kuna jingine ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalisemi, kwa sababu yaliandikwa mbali na sisi. Maji yaliyotulia kwenye chombo kidogo chenye kivuli ndiyo makazi ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengue, na Dar es Salaam imeupata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Kwenye joto letu, yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku nane hadi kumi, takriban umri wa trei moja ya njegere. Kubadilisha maji kila siku kunasaidia, lakini mbu huyu hugandisha mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai huvumilia ukavu kwa miezi. Kwa hiyo ukuta usuguliwe kwa brashi, usisuuzwe tu. Jambo hili linahusu pia trei yoyote ya chini unayoiacha na maji. Kwenye wavu ni zaidi kwa sababu maji ndiyo mtindo wenyewe.

*Ubebaji.* Nyepesi, lakini inamwagika. Itembeze polepole.

*Giza na mzigo.* Nyingine huja na kifuniko. Mzigo mzito haufai, wavu unalegea katikati.

*Usafi na joto.* Hakuna udongo wa kutupa, hiyo ni raha. Ila mizizi husuka kwenye wavu, na kuitoa kunahitaji brashi na subira. Maji yakichelewa kubadilishwa kwenye joto, yanaanza utelezi na harufu ndani ya siku moja.

*Inamfaa nani.* Anayeishi pasipo na pa kutupa udongo, aliye nyumbani mchana, na anayependa ngano na njegere. Anayeondoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi usiku itamsumbua.

Chuma cha pua

Maduka ya vifaa vya hoteli yana vyombo vya chuma cha pua vya vipimo vya kimataifa, vile vinavyopangwa kwenye meza ya bufee. Kizima ni milimita 530 kwa 325, nusu yake ni 325 kwa 265, na kina huanzia milimita 20 kupanda. Viko vyenye matundu na visivyo na matundu, na vyenye matundu huingia ndani ya visivyo nayo bila kubahatisha.

*Maji* hukaa sawasawa kwa sababu kitako hakibonyei. *Ubebaji* ni salama ingawa chombo chenyewe kina uzito. *Giza* ni kamili, hakuna mwanga unaopenya, na *mzigo* wowote utauchoka wewe kabla yake. *Usafi* hauna mshindani: maji yanayochemka, brashi ngumu, na hakuna joto la sinki litakalokipinda. Jiki tu isikae muda mrefu, inakula chuma na kuacha vidoadoa. Juani kinapata moto upesi, kiweke kivulini.

Kinachobaki ni bei, na huko dukani utaielewa mwenyewe. *Kinamfaa* mwenye mgahawa aliye navyo tayari, asiyetaka plastiki karibu na chakula, na anayenunua kitu mara moja. Sinia la aluminiamu la nyumbani si mbadala wake. Linafaa kuwa la chini, la kupokea maji. Foili za kuokea nazo ni za mara moja mbili, zinapinda kuliko hata plastiki nyembamba.

Vingine kwa kifupi

Trei ya vitundu ya duka la pembejeo, ya vitundu 128 au 200, imetengenezwa kwa ajili ya miche ya kuhamishia shambani. Kwa mboga changa inakauka haraka na kukata kunakuwa kazi ya kitundu kwa kitundu. Kama unayo tayari na unaotesha nyanya, iache kwenye nyanya.

Boksi la mbao linapendeza na linashika unyevu, ndiyo maana pia linashika ukungu. Ukilitandika nailoni iliyotobolewa linafaa sehemu kavu kama Dodoma. Mbao za paleti ziangalie muhuri: HT zimepashwa joto, MB zimefukizwa kwa methili bromaidi, hizo usizitumie. Trei ya mayai ya karatasi inalowa siku ya pili, na imebeba mayai yenye vinyesi. Sina cha kuitetea.

Kulingana na hali yako

Kama hujawahi kuotesha, chukua makopo mawili ya aiskrimu yanayofanana, toboa moja, panda figili au haradali. Gharama yako ni mbegu. Hakikisha mbegu hizo hazijapakwa rangi ya waridi, bluu au kijani. Hiyo ni dawa ya shambani na haifai kwa mboga inayoliwa ndani ya wiki.

Kama mko watatu wanne na mmeshazoea kula mboga hizi, trei nene za mraba tatu zenye matundu, na tatu zisizo na matundu, zitakuhudumia kwa mzunguko usiokatika. Usipozipata, vipande vitatu vya dumu vinafanya kazi hiyo hiyo kwa sura isiyopendeza sana.

Unakaa ghorofani na huna pa kumwaga kokopiti? Wavu, mradi mkono wa kubadilisha maji upo kila siku. Kama unasafiri mara kwa mara, rudi kwenye trei mbili zenye udongo, zinavumilia siku moja ya kusahauliwa na wavu hauvumilii.

Ukiwa pwani na tatizo lako sugu ni ukungu, usikimbilie kubadilisha chombo. Punguza mbegu kwa robo, elekeza feni ya polepole juu ya trei, toa mboga gizani siku moja mapema. Baada ya hapo ndipo chombo kisicho na mikwaruzo, plastiki nene au chuma cha pua, kitaonyesha thamani yake.

Na anayetaka kuuza kwa mgahawa au hoteli: chagua saizi moja, usiichanganye. Rafu, mifuniko, mizigo na vipimo vya mbegu vyote vitaifuata saizi hiyo. Trei nene ndefu ndiyo chaguo la wengi kwa sababu hiyo. Lakini kama mteja wako ni hoteli, muulize kwanza jikoni wana vyombo gani vya bufee, maana ukiotesha ndani ya chombo cha milimita 325 kwa 265 mpishi anakipokea kikiwa hai, anakata mwenyewe saa ya kupakua, na wewe unaondoka na kitupu cha juzi.